Shilingi 20 za mtoto: jinsi ya kuwasaidia wanetu kula vizuri shuleni



Katika nyumba nyingi za hapa pwani, mtoto hupewa shilingi 20 asubuhi kabla hajatoka kwenda shule. Mchana akirudi, kabla ya kwenda chuoni, hupewa 20 nyingine. Hizo ni shilingi 40 kwa siku na 200 kwa wiki. Tukichukua wiki 36 za masomo kwa mwaka, ni shilingi 7,200 kwa mtoto mmoja. Mwenye watoto watatu ametoa 21,600, na Jumamosi sijaihesabu. Hakuna mzazi ambaye angempa mtoto wa Gredi ya 3 elfu saba mkononi amwambie akanunue chakula cha mwaka mzima anavyotaka. Lakini kidogo kidogo, ndivyo tunavyofanya.

Pesa hizo huenda wapi? Simama nje ya shule yoyote ya msingi wakati wa mapumziko ujionee. Kuna mabuyu, achari nyekundu, kachri za pakiti, peremende, barafu za rangi, soda ndogo, viazi karai na bhajia. Matunda huwa machache, na mara nyingine hayapo kabisa. Mtoto huchagua kilicho karibu, rahisi, kitamu na chenye rangi. Hata sisi watu wazima hufanya hivyo tukiwa na njaa. Kwa hivyo hoja yangu leo ni moja: kumkaripia mtoto hakutabadilisha chakula chake. Kitakachobadilisha ni kile anachokikuta mbele yake pale pesa zinapotoka mfukoni. Hilo liko mikononi mwa watu watatu: mzazi, muuzaji na mwalimu.

Na jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe kwa muda mrefu. Kilifi ilikuwa asilimia 37, ya juu kuliko kaunti zote. Watoto kama hao ndio wanaoingia chekechea na Gredi ya 1. Papo hapo, mijini kwetu twaona watoto wa miaka 7 wenye meno yaliyooza, na wengine wenye uzito uliopita kiasi. Mambo haya mawili yanaonekana kama yanapingana, lakini mara nyingi yana chanzo kimoja: tumbo limejaa, mwili haujapata unachohitaji.

Mtoto wa shule anahitaji nini

Tulifundishwa zamani darasani kwamba vyakula ni makundi matatu, na mafundisho hayo bado yanafaa. Kuna vyakula vya nguvu kama muhogo, viazi, mahindi, wali na mkate. Kuna vyakula vya kujenga mwili kama samaki, maharagwe, mbaazi, kunde, mayai, maziwa na nyama. Na kuna vya kulinda mwili, yaani matunda na mboga. Ukiangalia anachonunua mtoto getini, karibu chote ni cha kundi la kwanza, tena kimeongezwa mafuta, chumvi au sukari. Kundi la pili na la tatu halipo.

Chakula cha kwanza ni kile cha asubuhi. Mtoto akitoka nyumbani na chai ya rangi na biskuti mbili, sukari hiyo hupanda mwilini haraka na kushuka haraka. Ikifika saa nne asubuhi ana njaa, hasikii somo, na zile shilingi 20 zinamuwasha mfukoni. Akitoka amekula mahamri mawili na mbaazi, au kiazi kitamu na yai, atakaa muda mrefu bila kutafuta kitu. Chakula chenye protini na nyuzi humeng'enywa polepole.

Kuhusu chai, liko jambo ambalo wengi hawalijui. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe, mbaazi na mboga. Mtoto anayepungukiwa na chuma huchoka upesi na hupata shida kufuatilia masomo. Matunda yenye vitamini C hufanya kinyume chake: huongeza kiasi cha chuma kinachofyonzwa. Kwa hivyo ukiweza, mpe mbaazi zake pamoja na kipande cha chungwa au pera, na chai ingoje kama saa moja.

Maji nayo tusiyasahau. Katika mitaa mingi yetu maji ya kisima ni ya chumvi na maji matamu hununuliwa kwa mtungi. Mtoto akifika shuleni asipate maji ya kunywa, atanunua soda au barafu, na hatuwezi kumlaumu. Chupa ya maji safi kutoka nyumbani ni hatua ya kwanza, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Kilichomo ndani ya chupa na pakiti

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayekula kalori 1,600 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 40, na asilimia 5 ni gramu 20. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2016 kilitoa kipimo rahisi zaidi kukumbuka: mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 kwa siku, ambazo ni kama vijiko 6 vya chai.

Sasa chukua chupa ya soda ya mililita 300. Soda nyingi za kola zina karibu gramu 10 na nusu za sukari katika kila mililita 100. Zidisha mara tatu, utapata zaidi ya gramu 31, yaani karibu vijiko 8. Chupa moja imeshapita kipimo cha siku nzima, na bado hujahesabu chai ya asubuhi wala kaimati za jioni.

Vinywaji vya pakiti ambavyo watoto huviita juisi navyo vyataka kuangaliwa. Soma orodha ya viungo nyuma ya pakiti. Kwa kawaida, viungo hupangwa kwa uzito, kinachoanza ndicho kingi. Ikiwa imeanza na maji, ikafuata sukari, halafu tunda likaja mwisho au likatajwa kama ladha tu, hayo ni maji ya sukari yenye picha ya embe.

Meno pia yana hesabu yake. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayokula jino. Kinachodhuru si kiasi cha sukari peke yake, bali ni mara ngapi kwa siku jino linakutana nayo. Mtoto anayemumunya peremende kutoka saa nne hadi saa sita anaumiza meno yake zaidi kuliko aliyekula kashata moja baada ya chakula akasukutua na maji.

Kachri na vyakula vingine vya pakiti vina chumvi nyingi. Mtu mzima ameshauriwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate chini ya hapo. Ulimi wa mtoto ukizoea chumvi nyingi, mchicha wa nyumbani humuonja kama majani matupu. Na shinikizo la damu tunalolijua sana katika familia zetu hupata njia kupitia mazoea kama haya.

Halafu kuna rangi. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika jarida la Lancet utafiti ulioonyesha kwamba mchanganyiko wa baadhi ya rangi za kutengenezwa pamoja na kihifadhi fulani uliwazidishia utukutu baadhi ya watoto. Tangu Julai 2010, Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi 6 zilizotajwa viandikwe onyo kwa wazazi. Sisemi kwamba mabuyu ya mtaani kwenu yana rangi hizo. Nasema kwamba mara nyingi anayeyapika mwenyewe hajui ametia rangi gani, kwa sababu ameinunua dukani kwa kupimiwa, haina jina.

Na viazi karai na bhajia? Mimi mwenyewe ni Mpwani, sitasimama hapa niseme viazi karai ni haramu. Kiazi ni chakula. Tatizo ni mafuta yanayorudiwa kukaangia siku baada ya siku hadi yamekuwa meusi na kutoa harufu. Mafuta yakifika hapo yameharibika, na hayafai tena kukaangia chakula cha mtu yeyote.

Hazina tuliyo nayo

Hatuna haja ya kutafuta chakula bora cha watoto mbali. Watoto wetu wanapishana nacho kila siku njiani.

Pera la kawaida lina vitamini C kiasi cha mara nne ya chungwa kwa uzito ule ule. Embe, papai na viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani vina vitamini A kwa wingi, na vitamini A husaidia macho na kinga ya mwili. Mbaazi kavu zina karibu gramu 21 za protini kwa kila gramu 100. Dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao hutoa kalsiamu ya kujenga mifupa na meno. Njugu zina protini na mafuta mazuri, lakini zile zilizoota ukungu au zenye uchungu zitupwe, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu. Tende inatia nguvu na ina nyuzi, ila hunata kwenye meno, kwa hivyo mtoto anywe maji baada yake.

Hata buyu lenyewe ni tunda la maana. Unga wake mweupe, kama ulivyotoka kwenye kifuu, una vitamini C, nyuzi na kalsiamu. Tunachouza getini ni buyu lililochemshwa na sukari na rangi, na moto hupunguza vitamini C. Unga mweupe ukivurugwa kwa maji safi na sukari kidogo tu hutoa kinywaji kizuri kinachowashinda wenzake wote wa pakiti. Ukwaju ni vivyo hivyo.

Mkebe wa chakula katika joto letu

Mzazi anayemfungia mtoto chakula hapa pwani lazima afikirie joto. Kanuni ya usafi wa chakula ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila baridi au moto. Chakula cha nazi huchacha upesi zaidi. Mbaazi za nazi zilizopikwa usiku zikafungwa asubuhi, mchana zina povu. Samaki wa kupaka ni hatari zaidi. Vyakula hivyo viliwe nyumbani, vikiwa moto. Mkebe upewe vitu vikavu na matunda ambayo hayajamenywa.

Nimepanga mfano wa wiki moja. Ubadilishe kwa kadiri ya mfuko wako na msimu wa matunda.

Jumatatu: asubuhi mahamri na mbaazi, mkebeni ndizi mbili na njugu kiasi cha kiganja cha mtoto.

Jumanne: asubuhi uji wa wimbi wenye maziwa, mkebeni chapati kavu na chungwa.

Jumatano: asubuhi yai la kuchemsha na mkate, mkebeni kiazi kitamu cha kuchoma chenye ganda lake, na pera.

Alhamisi: asubuhi muhogo wa kuchemsha na maharagwe, mkebeni tende tano na ndizi.

Ijumaa: asubuhi vitumbua na yai, mkebeni mahindi ya kuchoma na embe dogo zima.

Mkebe uoshwe kila siku kwa sabuni na ukaushwe. Na mtoto akumbushwe kunawa mikono kabla ya kula, hata kama ni njugu.

Wapo watakaosema chakula hiki ni ghali. Hebu tuhesabu. Pakiti ndogo ya kachri na peremende mbili humaliza shilingi 20. Katika mitaa mingi pesa hizo hizo hununua ndizi mbili, au fungu la mapera msimu wake, au njugu za pakiti mbili. Kinachokuwa ghali ni kulipa mara mbili: kumfungia chakula na bado kumpa 20 kamili. Siku ya mkebe, mpe 10 au usimpe kabisa, na mwambie mapema ili asione ameadhibiwa.

Mama wa getini si adui

Mara kwa mara nasikia shule imewafukuza wauzaji wa nje. Baada ya wiki mbili wamerudi, wamesogea hatua 50 tu, na watoto wanavuka barabara kuwafuata. Sasa tumeongeza hatari ya gari juu ya hatari ya peremende.

Nimezungumza na kina mama kadhaa wanaouza nje ya shule. Wanachosema kinaeleweka. Pakiti ya kachri isiyonunuliwa leo itauzwa kesho, na hata wiki ijayo. Tikiti maji lililokatwa lisiponunuliwa hadi saa kumi, limekuwa hasara, na hasara hiyo inatoka kwenye unga wa jioni wa watoto wake. Yeye hauzi peremende kwa kuwa hawapendi wanetu. Anauza kisichooza.

Kwa hivyo dawa ni kumpunguzia hasara. Kamati ya wazazi inaweza kukaa naye na kukubaliana hivi: siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Alhamisi, ziwe siku za matunda. Mwalimu wa darasa ahesabu siku moja kabla ni watoto wangapi watanunua. Mama aambiwe idadi, alete kiasi hicho, kimefunikwa vizuri. Akiona hakubakiwi na kitu, yeye mwenyewe ataongeza siku ya tatu. Hivyo hivyo kwa muhogo wa kuchemsha, mahindi, na barafu za ukwaju au buyu zenye sukari kidogo bila rangi.

Na masharti yawepo. Anayeuza chakula anatakiwa na sheria awe na cheti cha afya. Kaunti ina maafisa wa afya ya umma wa kulikagua hilo. Shule iombe cheti, maji ya kunawia, na chakula kifunikwe dhidi ya nzi na vumbi. Matunda yaoshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, kwa sababu kisu hupeleka uchafu wa ganda hadi ndani.

Shule inaweza kufanya nini

Kwanza, isiharibu kwa mkono wa kushoto inachojenga kwa mkono wa kulia. Mwalimu akifundisha lishe saa tatu, halafu saa tano akamzawadia mtoto peremende kwa kujibu swali, mtoto atakumbuka peremende. Zawadi iwe kalamu, kitabu cha kuchora, au kuongoza foleni siku hiyo.

Pili, maji safi ya kunywa yawepo, na muda wa kula utoshe. Mtoto aliyepewa dakika 15 za kwenda msalani, kunawa, kula na kucheza atachagua kinacholiwa kwa mkono mmoja huku anakimbia.

Tatu, bustani. Mtaala wa sasa una somo la Kilimo na Lishe kuanzia Gredi ya 4, na vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa rasmi mwaka 2021. Kwa hivyo shule haihitaji kuomba ruhusa mpya. Matuta mawili ya mchicha na kunde, mipapai minne na mpera mmoja vinatosha kuanzia. Mtoto aliyemwagilia mchicha kwa mikono yake ana hamu ya kuuonja.

Nne, chakula cha mchana cha shule. Wa umri wangu wanakumbuka Maziwa ya Nyayo, mpango ulioanza mwaka 1979. Mwaka uliofuata, 1980, serikali na Shirika la Chakula Duniani walianza kulisha watoto wa shule katika maeneo makavu. Mwaka 2009 ukaja mpango wa chakula kinachonunuliwa humu humu nchini, na ilipofika 2018 shirika hilo lilikuwa limeikabidhi serikali kazi yote. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza kuwapa wanafunzi wa shule za msingi za umma chakula cha mchana ambacho mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Linganisha shilingi 5 hizo na 20 za peremende.

Jambo kama hilo linaweza kuwafaa hata wakulima wetu. Brazil ilipitisha sheria mwaka 2009 kwamba angalau asilimia 30 ya pesa za taifa za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo. Sisi tunaoona maembe yakioza chini ya miti kila msimu, tuna sababu ya kuuliza kwa nini embe la Malindi lisifike kwenye sahani ya mtoto wa Kisauni.

Ukitaka kuuliza, ujue unamuuliza nani. Kwa Katiba ya 2010, chekechea ni kazi ya kaunti. Basi muulize mwakilishi wa wadi na gavana. Shule za msingi ziko chini ya serikali kuu, kwa hivyo muulize mbunge. Wengi wetu humlaumu mtu asiyehusika, na anayehusika anakaa kimya.

Madrasa na mwezi wa Ramadhani

Wanaoandika kuhusu chakula cha shule mara nyingi husahau kwamba mtoto wetu ana shule mbili. Akitoka ya kwanza anakimbilia ya pili, na katikati hapo ndipo 20 ya pili inapotumika. Mara nyingi chakula cha mchana hakijawa tayari, basi pakiti ndiyo inayokuwa chakula. Ukijua hivyo, acha kitu mezani: muhogo uliofunikwa, ndizi, au wali wa mchana uliopikwa mapema. Mtoto aliyekula hana haraka ya dukani. Na maustadhi nao waombwe, kama walimu wa shule, wazawadie kwa kitu kisichokuwa peremende anapohifadhi sura.

Dini yetu haikutuambia tutafute halali peke yake. Imeweka pamoja halali na twayyib, yaani kilicho safi na kizuri. Tuko makini sana kuuliza kama nyama imechinjwa kisheria, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini soda ya tatu kwa siku kwa mtoto wa miaka 6 ni halali, na bado twaweza kuuliza kama ni twayyib. Pia tumefundishwa tumbo liwe mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Mtoto afundishwe hilo mapema.

Ramadhani ikiingia, watoto wengi huanza kujizoeza kufunga nao wako shuleni. Mtoto anayejizoeza asikose daku. Daku yake iwe ya kukaa tumboni: wali na maharagwe, viazi, yai, tunda na maji ya kutosha. Jioni afungue kwa tende na maji, kisha uji, kabla hajazivamia kaimati na sharubati. Na mwalimu akijulishwa nani amefunga, atampunguzia kukimbia juani. Mtoto mgonjwa au anayetumia dawa, mzazi azungumze na daktari kwanza.

Tuseme nini na watoto wenyewe

Maneno yana kazi yake. Usimwambie mtoto kwamba atanenepa au kwamba ana mwili mbaya. Maneno hayo hukaa moyoni miaka mingi na hayajawahi kumpendezea mtu mboga. Mwambie chakula kinamfanyia nini: hiki kitakupa pumzi za mpira, hiki kitalinda meno yako.

Usikate tamaa akikataa mara ya kwanza. Watoto wengi huhitaji kuonja chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukizoea. Weka kipande kidogo pembeni mwa sahani, usimlazimishe, na wewe mwenyewe ule mbele yake. Mpe nafasi ya kuchagua kati ya viwili ambavyo vyote vinafaa: "Wataka embe au ndizi?" Mpeleke Marikiti au Kongowea siku moja, achague tunda mwenyewe, alipe kwa mkono wake.

Kuna hofu ya kuchekwa pia. Mtoto mmoja akienda na kiazi kitamu peke yake, huenda wenzake wakamwita mshamba. Wakienda kumi, limekuwa jambo la kawaida. Ndiyo maana jambo hili halifai kufanywa na nyumba moja moja. Wazazi wa darasa moja wana kundi la simu la kutumiana habari za karo na sare. Kundi hilo hilo linaweza kukubaliana siku mbili za matunda.

Na peremende nazo zisiwe haramu kabisa. Kinachokatazwa kabisa mtoto hukila kwa siri. Siku ya Idi, harusini, au Ijumaa baada ya chuo, apate kitu chake kitamu kwa amani. Siku nyingine zitafuta.

Nikuombe mambo matatu wiki hii, ndugu msomaji. Muulize mwanao alinunua nini jana na juzi, umsikilize bila kumkemea. Mfungie mkebe siku mbili tu, upunguze pesa siku hizo. Na ukipita getini kwa shule, mwamkie yule mama, umuulize angehitaji wanunuzi wangapi ili alete matunda bila hasara. Jibu lake ulipeleke kwenye kundi la wazazi siku hiyo hiyo, kabla mkutano wa shule haujaitishwa.

Wabillahi tawfiq.